Volteji ya Rektifaya ya Fezi Tatu Mzigo Unapokuwa Mdogo

Ndugu fundi wa Shimanzi,

Nimeisoma barua yako kwa makini, na kwa faida ya wasomaji wengine naanza kwa kuieleza kwa ufupi. Unatunza chaja inayolisha vifaa vya chumba cha swichi hapo Mombasa. Transfoma yake hupokea volti 415 za fezi tatu na kutoa volti 130 baina ya fezi na fezi. Rektifaya yake, yaani daraja la thairista sita (swichi za elektroniki zinazowashwa kwa mpigo mdogo wa umeme), hugeuza umeme huo kuwa wa DC, yaani wa mkondo usiogeuka upande, nao hupita kwenye koili ya milihenri 3 na kapasita (vihifadhi vya chaji) zenye jumla ya maikrofaradi 20,000 kabla ya kufika kwenye betri ya seli 55. Uwezo wa chaja ni ampea 100. Tangu kadi ya udhibiti ilipoungua na kuwekwa nyingine, volteji hukaa tuli kwenye volti 123 mradi mzigo uzidi ampea 15. Mzigo ukiwa baina ya ampea 4 na 10, voltmita hupanda na kushuka bila kutulia, na koili hunguruma kwa vipindi visivyo sawa. Ukiitenga betri pamoja na mizigo yote kwa ajili ya ukaguzi, volteji hupanda hadi 158 na kusimama hapo. Ulipofunga rezista ya omu 220 ilishuka hadi 136, lakini haikurudi 123. Umeongeza kwamba siku hizi chaja inapowashwa koili hupiga kishindo ambacho zamani hakikuwapo. Unauliza kama kadi mpya ni mbovu, na kama inafaa kuacha rezista kubwa imefungwa daima ili chaja isiwahi kukosa mzigo.

Kwa maelezo uliyotoa, sidhani kadi ni mbovu. Naamini imerekebishwa kwa mpaka wa pembe ya kuwasha (kiasi cha kuchelewesha thairista katika kila wimbi) usiofaa chaja yako, na kwamba kidhibiti chake kinalimbikiza kosa (tofauti kati ya volteji inayotakiwa na iliyopo) wakati ambapo hakina uwezo wa kulisahihisha. Ama rezista kubwa ya kudumu, hiyo nakushauri uiache. Rezista ndogo inatosha, na kazi yake ni nyingine kabisa. Nitaeleza sababu zangu, kwa kuwa ukizielewa utaweza kuyapima haya mwenyewe bila kutegemea neno langu.

Sote tulifundishwa kwamba volteji ya wastani ya daraja la thairista sita ni 1.35 mara volteji ya fezi kwa fezi, mara kosaini ya pembe ya kuwasha. Kwa volti zako 130, daraja likiwashwa bila kucheleweshwa litatoa takriban volti 175, na ili lishuke hadi 123 pembe inatakiwa iwe karibu digrii 45. Kanuni hiyo ni sahihi, lakini ina sharti ambalo aghalabu husahaulika, nalo ni kwamba mkondo ndani ya koili usikatike. Thairista moja inapaswa iendelee kupitisha umeme mpaka ya zamu inayofuata ipokee kazi. Umeme wetu ukiwa wa hezi 50, zamu hizo ni 300 kila sekunde, na kila moja huchukua milisekunde 3.33, yaani digrii 60.

Mzigo unapopungua, mkondo wa wastani hushuka lakini mawimbi yanayopanda juu yake hayapungui, kwa sababu ukubwa wa mawimbi hayo hutokana na volteji na koili, si na mzigo. Hatimaye bonde la wimbi hugusa sifuri. Kuanzia hapo thairista hujizima kabla ya mwenzake kuwashwa, na kwa muda fulani hakuna njia inayopitisha umeme. Daraja huwa limejitenga na kapasita hadi mpigo ujao. Nimepiga hesabu ya mpaka huo kwa chaja yako: kwa koili ya milihenri 3 na volti 123, mkondo huanza kukatika mzigo unaposhuka chini ya takriban ampea 12. Linganisha na ulivyoona mwenyewe, kwamba juu ya ampea 15 kila kitu ni shwari na chini ya 10 fujo huanza. Jambo hilo si ugonjwa wa kadi. Hata chaja mpya kabisa, ikiwa na koili hiyo hiyo, ingevuka mpaka huo mahali pale pale.

Baada ya mpaka kuvukwa, kanuni ya kosaini haina kazi tena. Daraja sasa hulisha kapasita kwa vipande vifupi vya mkondo, na kapasita hujaa kuelekea volteji ya papo hapo iliyopo wakati thairista inawashwa, si kuelekea wastani. Pasipo mzigo wowote, volteji ya kapasita hufikia kilele cha mawimbi ya volteji ya transfoma, ambacho kwako ni 130 mara 1.414, yaani volti 184, endapo pembe haizidi digrii 30. Pembe ikizidi 30, kilele kinakuwa kimekwisha kupita thairista inapowashwa, na volteji huishia pale wimbi lilipokuwa wakati huo: 184 mara saini ya digrii 60 jumlisha pembe. Weka pembe ya digrii 45 katika hesabu hiyo na utapata takriban volti 177. Pembe ile ile iliyokuwa ikitoa 123 mzigo ulipokuwa wa kutosha sasa inatoa 177, na hakuna kilichoharibika. Ili kurudi 123 pasipo mzigo, kadi inabidi ipeleke pembe hadi digrii 78, na ili kushuka hadi sifuri inahitaji kufika 120.

Sasa turudi kwenye zile volti 158. Ingiza pembe ya digrii 60 katika hesabu hiyo hiyo: 184 mara saini ya digrii 120 ni volti 159. Ondoa kiasi kidogo kinachopotea ndani ya thairista mbili zilizo njiani, na utaipata namba uliyoisoma kwenye voltmita yako. Kwangu huo ndio ushahidi mzito zaidi katika barua yako. Volteji isiyodhibitiwa kabisa ingepanda hadi 177 au 184. Yako ilipanda ikasimama, kama mtu aliyefika mwisho wa kamba. Kadi inajitahidi kurudisha pembe nyuma, inafika digrii 60, na inazuiwa na mpaka uliowekwa.

Rezista yako ya omu 220 inathibitisha jambo hilo. Kwa pembe ya digrii 60 na koili ya milihenri 3, mkondo wa zaidi kidogo ya nusu ampea unaiacha kapasita kwenye volti 136 au 137 hivi, kama ulivyoona. Kwa mpaka huo huo, mzigo unatakiwa ufike baina ya ampea 2 na 3 ndipo 123 ipatikane tena. Chini ya hapo kadi haina namna. Hata kile kishindo cha kuwasha kina maelezo yake hapa. Chaja iliyopangwa vizuri huanza na pembe ya karibu digrii 120, ambako volteji ni sifuri, kisha husogea taratibu. Ikianzia 60, kapasita tupu inakutana ghafla na volti 159, na mkondo mkubwa unaopita ndio unaoitikisa koili.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutafuta potenshomita ya mpaka wa mwisho wa pembe, au namba yake katika programu kama kadi ni ya kidijitali, na kuusogeza mpaka huo hadi baina ya digrii 115 na 120. Ifanye kazi hiyo ukiwa umeitenga betri na vifaa, umefunga rezista ya omu 220, na osiloskopu imeunganishwa kupitia probu ya tofauti yenye kinga. Usikate waya wa ardhi wa osiloskopu ili kupata kipimo. Najua wapo wanaofanya hivyo, na kufanya hivyo kunaiweka bodi nzima ya chombo kwenye volteji inayoweza kuua. Kila digrii moja ni takriban maikrosekunde 56, kwa hiyo pembe unaweza kuisoma moja kwa moja kwenye skrini kuanzia pale mawimbi ya fezi mbili yanapokatana. Rezista hiyo ikiwa ndiyo mzigo pekee, kadi iliyorekebishwa vizuri itatulia kwenye 123 pembe ikiwa karibu digrii 67.

Hapo tatizo la volteji kupanda litakuwa limekwisha, lakini la kuyumba baina ya ampea 4 na 10 huenda likabaki, kwa kuwa lina chanzo kingine. Rektifaya ya aina hii inaweza kumimina umeme ndani ya kapasita, lakini haiwezi kuuteka tena, kama mtu ajazaye kasiki asiye na kata ya kuchotea. Maji yakizidi hana budi kungoja wanywaji. Volteji ikizidi 123 kwa sababu yoyote, kidhibiti kinaweza kuzima mipigo yote, lakini kushuka kwenyewe kunategemea mzigo. Chukua mfano wa kapasita zako: kutoka 158 hadi 123 kwa mzigo wa nusu ampea kunahitaji karibu sekunde moja na nusu, na muda huo kwa kadi inayofanya maamuzi 300 kila sekunde ni mrefu mno. Katika kipindi chote hicho sehemu ya kidhibiti inayolimbikiza kosa huendelea kulimbikiza, ikidhani kwamba amri yake haijatosha. Volteji inapofika 123, limbikizo limezama mbali, na inabidi litumie muda kurudi. Volteji hushuka chini ya 123, kosa hugeuka upande, limbikizo hupanda kupita kiasi, na mzunguko huanza upya. Ndiyo maana unaona sindano ikipanda na kushuka kwa mwendo wa polepole, na ndiyo maana kupunguza kasi ya kidhibiti peke yake hakuponyi: kunarefusha tu kila mzunguko.

Tiba yake ni kulifungia limbikizo ndani ya mipaka ile ile ya pembe, ili kadi inapofika mwisho wa uwezo wake iache kulimbikiza. Katika kadi ya kidijitali huwa ni chaguo la kuwasha. Katika kadi ya zamani ya opampu (vikuza ishara) hufanywa kwa diodi mbili za zena (zinazozuia volteji isizidi kiwango) zilizofungwa kwa mfululizo, zikielekeana, sambamba na kapasita ya limbikizo. Kama diodi hizo zimekatika au hazikuwekwa, dalili ni hizo hizo ulizozieleza. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Fikiria kwamba betri imetengwa, kadi imezama kwenye mwisho wa limbikizo, na mota ya kukaza springi ya breka (swichi kubwa ya kukatia umeme) inaanza kuvuta ampea 40. Kapasita za maikrofaradi 20,000 zikivutwa ampea 40 hupoteza volti 2 kila milisekunde. Kadi ikichelewa milisekunde 10 tu, volti 20 zimekwenda. Kwa sababu hiyo sipendi kabisa kuona vifaa vya swichi vikiachwa kwenye chaja peke yake betri ikiwa imetolewa. Kama ukaguzi wa betri ni wa lazima, tafuta betri ya muda.

Kuna sababu ya pili ya kuyumba, na hii ndiyo inayowachosha mafundi wengi, kwa sababu kila wakirekebisha upande mmoja, upande wa pili huharibika. Mkondo usipokatika, badiliko la digrii moja la pembe hubadilisha volteji ya chaja yako kwa takriban volti 2.2, na betri ikiwa imeunganishwa na ukinzani wote wa njia ni kama omu 0.1, volti hizo hugeuka kuwa ampea 22. Mkondo ukiwa umekatika, mzigo ukiwa wa ampea 2, digrii moja hubadilisha mkondo kwa chini ya nusu ampea. Kifaa ni kile kile na kadi ni ile ile, lakini mwitikio umepungua zaidi ya mara 40. Fundi akikaza kidhibiti cha mkondo mpaka kiitikie vizuri kwenye ampea 2, kitatetemeka kwenye ampea 60. Akikilegeza kwa ajili ya ampea 60, kitasinzia kwenye 2. Karibu na mpaka wa ampea 12 mashine huruka kutoka hali moja kwenda nyingine, na kidhibiti hakijui kiko wapi. Kadi zilizoundwa vizuri hutambua kwamba mkondo umefika sifuri kati ya mipigo na hubadilisha ukali wa mwitikio wao zenyewe. Kama yako haina uwezo huo, rekebisha kwa ajili ya mzigo mkubwa kwanza, ambako kosa ni la hatari, na ukubali kwamba kwenye mzigo mdogo itakuwa polepole. Upole haudhuru betri iliyo kwenye volteji ya kudumisha chaji, mradi volteji isivuke mipaka.

Nimegusia rezista, basi niimalize habari yake. Ukitaka rezista iilazimishe chaja ibaki upande wa mkondo usiokatika, itabidi ivute ampea 12 kwa volti 123, yaani karibu kilowati moja na nusu za joto, usiku na mchana. Kwa mwaka ni karibu yuniti 13,000 za umeme zilizochomwa bure, ndani ya chumba ambacho tayari kina joto la pwani na betri ambazo joto huzifupishia maisha. Njia ya koili nayo ina gharama: ili mpaka ushuke hadi ampea 2 ungehitaji koili ya karibu milihenri 19 inayobeba ampea 100, ambayo uzito wa chuma na shaba yake ungezidi mara kadhaa ule wa sasa. Ipo koili ya aina nyingine, yenye mwanya wa chuma uliokatwa kwa ngazi, ambayo kwenye mkondo mdogo huwa na milihenri nyingi na kwenye mkondo mkubwa hupungua. Kama siku moja koili yako itasukwa upya, mwambie msukaji akufikirie hiyo.

Rezista ndogo ya omu 220, kwa upande mwingine, naitaka ibaki. Kwenye 123 inavuta ampea 0.56 na kutoa wati 69. Volteji ikipanda kwa hitilafu hadi 177 itatoa wati 142, kwa hiyo chagua ya wati 200 na uifunge mbali na nyaya za plastiki. Faida yake ya kwanza ni ya usalama wako: kapasita zako zikiwa na volti 123 zina nishati ya jouli 150, na bila njia ya kutokea zinaweza kuihifadhi muda mrefu baada ya chaja kuzimwa. Kwa omu 220 huishiwa na umeme ndani ya nusu dakika, ingawa hata hivyo utapima kabla ya kugusa. Faida ya pili ni kwamba inakunywa ule umeme mdogo unaovuja kupitia saketi za kinga za rezista na kapasita zilizo kando ya kila thairista. Saketi hizo hupitisha miliampea chache hata geti zote (ncha za thairista zinazopokea mpigo wa kuwasha) zikiwa zimezimwa, nazo zinatosha kuipandisha kapasita polepole pasipo mzigo, na kumfanya fundi adhani thairista imeungua.

Faida ya tatu inahusu thairista zenyewe, na hapa inafaa tukae kidogo. Thairista haibaki imewaka kwa sababu tu geti lake limepigwa. Mkondo unaoipitia lazima ufike kiwango cha kujifunga kabla mpigo wa geti haujaisha, na baadaye usishuke chini ya kiwango cha kujishikilia. Kwa moduli za ukubwa kama wako, kiwango cha kujifunga kwa kawaida ni miliampea mia chache. Tazama sasa kinachotokea kwenye pembe ya digrii 75. Wakati wa kuwasha, wimbi lina volti 130 na kapasita ina 123. Zile volti 7 zinazobaki zinausukuma mkondo kupitia milihenri 3 kwa kasi ya ampea 2,300 hivi kwa sekunde. Kama mpigo wa geti unadumu maikrosekunde 50, mkondo utakuwa umefika miliampea 120 tu mpigo unapokwisha, na thairista itazimika kana kwamba haikupigwa. Mara nyingine ile iliyo na kiwango cha chini itajifunga na jirani yake itashindwa, na ngurumo itakuwa ya mkato, kama unavyoisikia. Kwa hiyo angalia aina ya mipigo inayotolewa na kadi mpya. Mpigo mmoja mfupi haufai hapa. Unachohitaji ni mfululizo wa mipigo midogo inayoendelea kwa digrii nyingi, au angalau mipigo miwili iliyoachana kwa digrii 60.

Hiyo ya mipigo miwili ni ya lazima kwa sababu nyingine pia. Katika daraja la thairista sita, umeme hupita katika thairista mbili kwa pamoja, moja ya juu na moja ya chini. Mkondo usipokatika, moja huwa tayari inafanya kazi mwenzake anapowashwa. Mkondo ukikatika, zote mbili zimezimika, na ni lazima zipigwe kwa wakati mmoja. Kadi inayopiga moja peke yake itafanya kazi vizuri mchana kutwa kwenye ampea 50 na kugoma usiku mzigo ukipungua.

Kipimo kimoja zaidi nakuomba usikiruke. Mkondo ukiwa umekatika, kiasi kinachopita katika kila mpigo hufuata karibu mchemraba wa upana wake: ukiongeza maradufu umbali kati ya pembe ya kuwasha na mahali wimbi linapokutana na volteji ya kapasita, mkondo huongezeka karibu mara nane. Kwenye nusu ampea umbali huo ni kama digrii 11. Thairista moja ikipigwa mapema kwa digrii 3 kuliko wenzake, itabeba zaidi ya maradufu ya sehemu yake, na ikichelewa kwa digrii 3 itabeba karibu theluthi moja tu. Kosa hilo hilo kwenye ampea 80 usingeliona. Kwa hiyo tumia mzigo mdogo kama kioo cha kuzikagua thairista zako: weka klampu ya DC yenye uwezo wa kuonyesha mawimbi kwenye waya wa koili, funga rezista, na uhesabu vilima sita katika milisekunde 20. Vikiwa sawa, mipangilio ya fezi ni mizuri. Vikiwa vitatu virefu na vitatu vifupi, au kimoja kikikosekana, fuata waya wa geti wa thairista husika hadi mwisho.

Nasema hadi mwisho kwa sababu ya hapo ulipo. Hewa ya Shimanzi ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na viunganishi vidogo vya geti huota kutu ya kijani ndani ya kifuniko ambako jicho halifiki. Potenshomita za wazi kwenye kadi huharibika vivyo hivyo, na telezi yake ikigusa kwa kuruka, pembe huruka nayo. Safisha kwa spiriti maalumu ya elektroniki, kausha, kisha ndipo urekebishe. Ukirekebisha kadi chafu utairekebisha tena baada ya mwezi. Kapasita nazo hukauka kwa joto. Zikiwa zimebaki na nusu ya uwezo wake, hesabu za muda nilizokupa zitapungua kwa nusu na kila hatua ya volteji itakuwa kali zaidi, kwa hiyo zipime kabla hujaanza kuilaumu programu.

Kama transfoma yako ina matoleo ya ziada (vituo vya kutolea volteji tofauti) upande wa pili, liko jambo la kupima. Kwa volti 130 una akiba kubwa: chaji ya nguvu (ya kuijaza betri haraka) ya seli 55 kwa volti 2.4 kila moja inahitaji 132 tu, na wewe una 175. Toleo la volti 120 lingekupa 162 kwa wastani na kupunguza kilele kutoka 184 hadi 170, na pembe zote zingesogea kuelekea mwanzo. Lakini piga hesabu kwanza kwa umeme wa gridi ukiwa umeshuka kwa asilimia 10, ukitoa volti 4 au 5 za thairista, koili na nyaya. Kwa toleo hilo utabaki na takriban 141, jambo ambalo naliona linatosha ingawa si kwa wingi.

Mwisho wa kazi, hata kama kila kitu kimetulia, weka kinga ya volteji ya juu iliyo nje ya kadi hiyo, inayopima moja kwa moja kwenye vituo vya kutokea umeme. Iweke kwenye volti 140 na kuchelewa sekunde moja, ili izime mipigo yote na kufungua kontakta ya kuingilia. Chaji ya nguvu ya volti 132 haitaigusa, na hitilafu kama hii ya 158 haitapata nafasi ya kukaa juu ya koili za rilei na taa zilizotengenezwa kwa volti 110. Ijaribu kwa chanzo cha umeme kutoka nje ukiwa umezima chaja, si kwa kuipandisha chaja yenyewe, kisha uandike mlangoni mwa kabati pembe ya mpaka uliyoiweka, ukinzani wa rezista, na tarehe, ili fundi atakayebadilisha kadi baada yako asianze tena na digrii 60.